Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwepo. Nilipewa mkononi, jikoni, ghorofa ya tatu ya jengo moja la Umbilo, Durban, mwaka 2011, na mtu aliyenipa alinitajia namba ya ukurasa kwa sauti, nami nikairudia kwa sauti. Tangu siku hizo nimesema haukuwepo. Nimemwambia hivyo msimamizi wangu wa chuo, nimemwambia mume wangu, nimemwambia daktari mmoja ambaye alikuwa ameniuliza tu kwa nini silali vizuri, na nimemwambia Papa Kazadi mwenyewe, aliyeuandika, mara tatu. Nimeusema uongo huo vizuri kiasi kwamba kuna nyakati nilimwonea huruma yule mzee, maskini, aliyedhani ameandika kitu ambacho hakukiandika. Siku hizi nalipwa kuandika insha, na wahariri wangu huzisifu kwa ukweli wake. Ukitaka kucheka, hapa ndipo mahali pake.

Mwezi uliopita Nadège, mpwa wake aliyemwita Tonton, yaani mjomba, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Durban: Tonton ametuacha, ni figo. Nikampigia. Aliongea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anapanga viti vya wageni. "Ameenda vizuri," aliniambia. "Ila kichwa, Mwanaidi, kichwa kilianza kumuacha zamani, tangu ule mwaka ya treni. Wewe ulikuwa pale, ulijionea." Nikamuuliza mzee alikuwa anasahau nini. Akafikiri. Majina? Hapana, aliyajua yote, hata ya watoto wa jirani. Njia? Hapana. "Yeye alikuwa anasema tu kama anasahau. Kila kitu aliandika. Alikuwa ananipigia simu ku salon, nirudi niangalie kama amefunga gesi." Je, alikuwa amefunga? "Kila siku alikuwa amefunga," akasema Nadège, na hakusikia alichokisema. Nilimpa pole, nikakata simu, nikaketi kwenye ngazi za nyumba yangu mpaka mume wangu akauliza kama nimepoteza funguo.

Mwaka ule nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilikuwa mhandisi mbovu, jambo ambalo watu wawili tu walilijua, mimi na msimamizi wangu, na kila mmoja wetu alikuwa na heshima ya kutolitaja. Chuo kilikuwa Westville, kwenye miti mingi na nyumba za watu wenye magari, na mimi nililala Umbilo, ambako kitanda kilipatikana kwa bei ya mwanafunzi. Chumba tulichangia mimi na Nadège. Papa Kazadi alilala sebuleni, nyuma ya pazia la maua ya zambarau ambalo Nadège alilileta kutoka saluni alikofanya kazi, nalo halikuzuia chochote isipokuwa kuonana. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Ndani ya wiki mbili nilijua sala zake zote, kikohozi chake, na jinsi alivyomlalamikia marehemu mkewe kuhusu baridi ya Julai kana kwamba mama yule ndiye aliyeileta.

Jikoni palikuwa na meza moja ya plastiki ngumu yenye alama ya duara ya sufuria ya moto katikati. Hapo tulikula bukari, ndivyo wanavyoita ugali watu wa Lubumbashi, na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa na kugandishwa, ambayo Nadège aliinunua kwa mama mmoja wa kanisani. Mwanzoni nilikula kwa adabu ya mgeni. Papa Kazadi aliniangalia nikimega vipande vidogo vidogo, akamwambia mpwa wake, kwa sauti ambayo hakujaribu kuishusha: "Huyu Mtanzania anakula kama anapima dawa." Nadège akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Tonton, muache. Kwao wanafundishwa kuongea, si kukula." Baada ya hapo nilimega matonge ya kiume, na nadhani ndipo nilipokubaliwa.

Mchana Papa Kazadi alilinda magari kwenye maegesho ya maduka ya Umbilo Road, amevaa kizibao cha manjano. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Wateja walimwita Papa, bila kujua kwamba ndiyo heshima aliyostahili. Lakini ujanani, shirika la reli la kwao, Katanga, lilimpeleka Ufaransa kusomea ufundi wa treni, na huko, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akaingizwa kwenye kikosi kilichokuwa kinajaribu treni ya abiria ya mwendo mkubwa iliyosukumwa na turbini. Turbini ni injini ya aina ileile inayobeba helikopta: inavuta hewa, inaibana, inaichoma pamoja na mafuta, na moto unazungusha mapanga yake. Waliifunga kwenye treni, wakaipeleka mbio kuliko kitu chochote alichowahi kupanda. Yeye alikaa kwenye behewa la vipimo. Kazi yake ilikuwa moja: kusoma sindano ya joto na kutamka namba kwa sauti. Mfaransa aliyekaa naye aliirudia namba kwa sauti, kisha ndipo akaiandika. Namba ambayo haikurudiwa haikuandikwa. "Ile kelele," alinieleza, "mtu anaweza kusikia mbaya. Donc, kwa hiyo, unasema, anarudia, na sasa muko wawili mu ile namba. Hakuna mtu atakuja kesho kusema hapana." Kisha mafuta yakapanda bei dunia nzima, Wafaransa wakaona turbini inakunywa kama ng'ombe hata ikiwa imesimama, wakahamia umeme. Yeye akarudishwa nyumbani na cheti.

Hadithi hiyo ningeisikiliza kama watu wanavyosikiliza hadithi za wazee, kwa kuitikia huku nikiosha vyombo, kama magazeti ya Durban yasingekuwa yameanza kuongelea treni ya mwendo kasi ya kwenda Johannesburg. Serikali inafikiria, magazeti yalisema. Papa Kazadi alikata kila kipande. Na alikuwa na hoja, hilo lazima niliseme kwa niaba yake, kwa kuwa sasa hawezi kulisema. Treni ya umeme inahitaji waya juu ya reli, na katika nchi hii waya za shaba zinaibiwa usiku na kuuzwa asubuhi. Turbini haihitaji waya. Inabeba moto wake yenyewe. "Mwizi atafika, ataangalia juu, ataona mbingu," alisema, akafurahi sana na sentensi yake. Pia reli ya hapa ni nyembamba, kipimo kilekile cha reli ya Katanga, na yeye mabehewa ya kipimo hicho aliyajua kama viatu vyake. Alikuwa ameanza kuandika mradi wake wote kwa Kifaransa, kwa kalamu ya risasi, nyuma ya matangazo ya kanisa. Alihitaji mtu wa kuuweka katika Kiingereza. Mimi nilihitaji mada ya tasnifu, maana ile niliyokuwa nayo, kuhusu mtetemo wa pampu, ilikuwa imekufa mikononi mwangu tangu Februari.

Basi tukaanza. Alisoma Kifaransa chake kimoyomoyo, akaniambia kwa Kiswahili chake, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Maneno yasiyokuwepo katika Kiswahili cha yeyote kati yetu tuliyaonyesha kwa vifuniko vya sufuria. Majedwali ya hesabu hayakuhitaji kutafsiriwa, kwa hiyo aliyachora mwenyewe kwenye karatasi safi, nakala moja tu, akanikabidhi kwa desturi yake ya behewani. "Ukurasa saba," anasema, ameshika upande mmoja wa karatasi. "Saba, nimepata," nasema, nimeshika upande wa pili. Hapo tu ndipo alipoachia. Nadège alituona siku moja akasema tunafunga ndoa kila jioni. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya kazi namna ile tena. Nasema hivyo bila kutaka kujisafisha. Furaha ile ndiyo iliyonifanya niwe mwizi, kwa kuwa nilianza kuona kitu kinachokaribia kuwa tasnifu nzuri, chenye jina langu juu.

Ukurasa wa kumi na tisa alinipa Jumapili mchana, bado amevaa suti yake ya kahawia ya kanisani. Ulikuwa unahusu hewa. Durban iko usawa wa bahari, Johannesburg iko juu sana, na hewa ya juu ni nyepesi. Mtu yeyote aliyewahi kuchemsha chai kule anajua mambo hayako sawa. Turbini inakula hewa, na ukiipa hewa nyepesi inadhoofika. Papa Kazadi alikuwa amepiga hesabu kituo kwa kituo, jinsi reli inavyopanda, na mwisho wa jedwali aliandika kwamba treni ikifika juu itakuwa imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ili kuzirudisha ingebidi kuongeza turbini, na uzito wa turbini hizo reli nyembamba isingeubeba kwa mwendo ule tulioahidi kwenye ukurasa wa kwanza. "Donc haiwezekani?" nilimuuliza. "Inawezekana polepole," alijibu. "Watu wa kule wataamua kama polepole inawatosha. Sisi tunasema tu." Akanyoosha karatasi. "Ukurasa kumi na tisa." Nikashika. "Kumi na tisa, nimepata."

Nilikaa nao siku nne ndani ya begi. Msimamizi wangu alikuwa ameupenda mradi kuliko kitu chochote nilichowahi kumletea. Alikuwa amewaalika watu wa kampuni moja ya washauri wa reli waje kusikiliza, na alikuwa ameanza kuniita mtafiti. Nilijiambia huu ukurasa utaingia mwishoni, kwenye viambatisho. Kisha nikajiambia viambatisho vimekuwa vingi. Alhamisi, nje ya maktaba ya chuo, nikaukunja mara nne nikautia kwenye pipa la taka, juu ya ganda la ndizi, nikazipa kurasa namba mpya. Ukurasa wa breki, uliokuwa wa ishirini, ukawa wa kumi na tisa. Nilijiona nimefanya kitendo cha upole. Nilidhani naiokoa ndoto ya mzee dhidi ya mzee mwenyewe. Kwamba kila mhandisi atakayeingia mkutanoni swali lake la kwanza litakuwa juu ya mwinuko, hilo halikunijia kabisa, na ndiyo sababu nasema nilikuwa mhandisi mbovu.

Siku ya mkutano Papa Kazadi alikaa kwenye taxi na kile kitabu chetu cha mradi mapajani, ndani ya mfuko wa nailoni, hakukifungua. Nilimpa asubuhi ile makusudi, asipate muda wa kukipitia. Kwake yeye kazi iliyokwisha kufungwa ilikuwa ya wageni kufungua kwanza. Kwenye robot, taa za barabarani, za Umbilo Road mlinzi mwenzake alimwona dirishani akampigia saluti, naye akairudisha. Mkutanoni walikuwapo watu kumi hivi, na sahani ya biskuti. Yeye alizungumza Kiswahili na Kifaransa, mimi nikatafsiri, na kwa dakika ishirini wale watu walisikiliza kweli. Aliposema habari ya mwizi anayeangalia juu na kuona mbingu, wakacheka, na nikamwona akikaa vizuri ndani ya suti. Kisha mama mmoja wa Kizulu, Bi Khumalo, mhandisi wa ile kampuni, akainua kalamu. Aliuliza kwa adabu kama mzee amefikiria mwinuko wa Johannesburg.

Nilimtafsiria swali. Uso wake ulifurahi kama wa mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake anayefaulu. "Mwambie afungue kumi na tisa," alisema, kisha akamwambia mwenyewe, kwa Kiingereza: "Nineteen." Sikutafsiri. Bi Khumalo alikuwa ameisikia namba, akafungua, akakuta ukurasa wa breki. Papa Kazadi akavaa miwani, akafungua nakala yake, akageuza mbele, akageuza nyuma, akalamba kidole, akageuza tena. "Iko moja ya tano," alisema hatimaye, kwa kunong'ona, na nikatafsiri, kwa sababu kutafsiri ilikuwa kazi yangu. "Anasema utapoteza moja ya tano ya nguvu." Bi Khumalo akatikisa kichwa kukubali. "Basi anajua. Kwa nini haimo?" Msimamizi wangu akanigeukia. Papa Kazadi naye akanigeukia. Nilisema kwa Kiingereza kwamba sehemu hiyo sikuletewa. Kisha nikainama, nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu kama mwuguzi: "Papa, huo ukurasa hukunipa." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Hakubisha, na mpaka leo hilo ndilo linalonishinda. Ningekuwa na mzee mkali, mzee wa kupiga meza, ningekiri palepale. Yeye alivua miwani, akaikunja, akasema kwa Kifaransa kwamba anaomba radhi kwa waheshimiwa. Nyumbani alitafuta chini ya godoro, ndani ya Biblia, nyuma ya friji, na Nadège akamsaidia kwa subira ya mtu anayemsaidia mtoto kutafuta kiatu. Siku ya tatu aliniuliza tena, jikoni, akiwa amesimama mbali nami. "Injinia, fikiri vizuri." Nilifikiri. Nilifikiri kuhusu tasnifu, iliyokuwa tayari kwa watahini. Nilifikiri kuhusu kanuni za chuo kwa mwanafunzi aliyeficha matokeo, ambazo zilikuwa fupi na hazikuwa na kifungu cha huruma, na kuhusu kibali changu cha kukaa nchini, kilichoshikwa na chuo hichohicho. "Hukunipa, Papa," nikasema. Mara ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, hilo naweza kulithibitisha kitaaluma.

Jioni ile, nyuma ya pazia, niliwasikia. "Nilimsikia anarudia," alikuwa anamwambia Nadège. "Sauti yake. Kumi na tisa, nimepata. Iko mu masikio yangu mpaka sasa." Nadège akamwambia ni uchovu, Tonton, jua la maegesho, hata mimi nasahau. "Hapana. Kusahau ni kitu ingine. Mimi nakumbuka kitu ambacho hakikufanyika." Kijiko kikagonga kikombe. "Mama yangu alianzaka hivi hivi. Alikuwa anasema ametupatia chakula, anakasirika tukisema hapana. Alituona tunakula." Mimi nilikuwa nimelala upande wa pili, nguo zote mwilini, nikihesabu maua ya pazia, na ilikuwa saa moja tu ya jioni.

Wiki mbili baadaye Bi Khumalo alipiga simu saluni, ndiyo namba tuliyokuwa tumempa. Kampuni yake haikuitaka turbini. Hakuna aliyeitaka, na yule mama alilisema hilo wazi. Lakini alikuwa amemkumbuka mzee aliyetaja moja ya tano bila karatasi. Walikuwa na karakana ya injini za reli nyembamba, na kabati zima la vitabu vya ufundi vya Kifaransa ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Walihitaji mtu wa kuvisoma na kukagua hesabu za breki na mizigo, mkataba wa miezi sita kwa kuanzia, na jibu walilitaka kabla ya Ijumaa. Nadège alikuja nyumbani mbio, hajavua aproni, nywele za mteja bado zimemganda mkononi. Papa Kazadi alisikiliza habari yote amekaa. Akauliza kama hesabu hizo ni za treni za mizigo au za watu. "Za watu pia, Tonton." Akasema atafikiri. Siku tatu zilizofuata alienda kwenye maegesho na kizibao chake kama kawaida, na nyumbani hakuigusa kalamu. Nami nilirudi nyumbani nikiwa nimechelewa kila siku, nikisema nina kazi maktaba, na maktaba nilikaa nikitazama ukuta.

Simu ilikuja Ijumaa, saa nne asubuhi. Nilikuwa nje ya ofisi ya msimamizi wangu, nimeshika nakala tatu za tasnifu iliyofungwa vizuri. Ilikuwa namba ya Nadège, lakini sauti ilikuwa ya Papa Kazadi, rasmi, ya mtu aliyejiandaa.

"Injinia, samahani. Uko ku masomo?"

"Hapana, Papa. Sema tu."

"Ile mama anangojea jibu. Bon. Mimi kazi ile naipenda, sitakudanganya. Lakini ni breki. Watu wanapanda. Mtu ambaye anaona vitu havikufanyika, hapashwi kugusa breki." Akavuta pumzi. "Donc nakuuliza mara ya mwisho, na sitauliza tena. Kama nilikupa ile karatasi na wewe ukaipoteza, si kitu. Karatasi zinapotea. Sitakasirika, hata Nadège hatajua. Mimi nataka tu kujua kichwa yangu. Nilikupa?"

Alikuwa amenifungulia mlango kabisa. Alikuwa hata amenitafutia uongo mdogo wa kuingia nao, kwamba niliipoteza, uongo ambao usingenigharimu chochote isipokuwa haya kidogo. Nimekuwa na miaka ya kutosha kuliona hilo. Pale koridoni nililiona pia. Mlango wa ofisi ulifunguka, msimamizi wangu akatoa kichwa, akatazama zile nakala tatu, akatabasamu, akanionyesha kiti ndani. Angesikia. Hakujua neno la Kiswahili, lakini nilidhani angesikia.

"Hukunipa, Papa," nikasema.

"Asante, mwana yangu."

Hakukata simu. Aliishusha tu, nadhani mezani, kwa sababu simu ile hakuizoea. Nilimsikia Nadège akiuliza, kutoka mbali, nimesemaje.

"Anasema kweli," Papa Kazadi akajibu. "Huyu mtoto hajanidanganyaka hata siku moja. Kamata namba ya ile mama, umuambie muzee hataweza ile kazi."